Chumvi Iliyojifunga Kitenge

Kiswahili kinamheshimu mla chumvi. Mzee ni mtu aliyekula chumvi nyingi, na kijana anayembishia hukatwa kauli kwa hoja hiyo hiyo: chumvi bado hajaila.

Msemo huo una uzito wake kwa watu ambao chumvi ilikuwa jasho. Huko Ivuna, wilayani Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, chumvi ilikuwa ikipikwa tangu karne ya 13 hivi. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale wakakuta mabaki ya makazi ya wapika chumvi wa kale. Kupika chumvi kwa mkono si mchezo. Unatafuta maji au udongo wa magadimagadi, unachuja, unachemsha chungu mpaka maji yote yaondoke, na kuni zote ulizokata zinakuachia ganda jeupe la kufuta kwa ukucha. Kwa mwendo huo, mtu hakuweza kula chumvi nyingi ila kwa kuishi miaka mingi.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza vizuri kijiko cha chai. Tukimhesabia mtu gramu hizo tano kila siku tangu kuzaliwa, akifika miaka 70 atakuwa amemaliza kilo 128 hivi. Lakini wastani wa dunia, kwa makadirio ya shirika hilo hilo, unakaribia gramu 11 kwa siku. Anayekula hivyo anazimaliza kilo 128 akiwa na miaka 32. Ana chumvi ya babu, na mvi hana hata moja.

Chumvi hiyo yote inaingilia wapi? Nina kisa cha mama lishe aliyezaliwa huko huko Ivuna, akaolewa Tunduma. Nimemuunga kwa vipande vya akina mama wengi, kama mboga inavyoungwa, kwa hiyo asitafutwe. Kibanda chake cha mabati kiko kando ya barabara kuu, upande wa Mpemba, pale malori yanapopanga foleni kuusubiri mpaka. Tunduma ni mji unaolishwa na foleni. Tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha, gari linakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja, ila foleni ni kama mbuzi wa jirani, hajasahau njia. Dereva anayesubiri lazima ale, na aliyekula vizuri jana leo atarudi na utingo wake.

Walikuwa wakimrudia kwa ajili ya maharage. Alikuwa akitumia pakiti moja ya chumvi, ya nusu kilo, kwa siku mbili, na kila siku aliuza sahani 60 hivi. Ukigawa, kila sahani ilibeba gramu 4 na ushei kabla mteja hajagusa kopo. Maana juu ya kila meza palikuwa na kopo lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari, na wateja walilitikisa kabla hata ya kuonja. Hilo nimelishuhudia katika kila kibanda nilichokula kutoka Mbozi hadi mpakani: mkono unatangulia, ulimi unafuata.

Siku moja akiwa anasonga ugali dunia ikamzunguka. Akaenda zahanati. Nesi akamfunga kile kitambaa cha mkononi, akapampu, akaandika 170 kwa 100. Nyuma ya mlango palikuwa na benchi zima la watoto wanaolia. Nesi akampa vidonge, akampa tarehe ya kurudi, akamwambia, "Mama, punguza chumvi. Tumia viungo." Hakuna kosa katika maneno hayo. Ni ushauri wa kweli na duniani kote unatolewa hivyo. Shida ni kwamba ulitolewa kwa pumzi moja, kwa mtu aliyekuwa amesimama tayari kuondoka.

Mama lishe alitii, na utii wake ndio unaofanya kisa hiki kiume. Jioni ile ile chumvi yote akaigawa kwa majirani, makopo akayaondoa mezani. Kesho yake maharage yakatoka yamepauka kama maji ya kuoshea mchele. Utingo mmoja akasukuma sahani. "Mama, leo umepika au umechemsha tu?" Siku ya pili mabenchi yakawa na nafasi. Siku ya tatu akaenda dukani akamwambia mwenye duka kwamba amekatazwa chumvi, ameambiwa atumie viungo.

Mwenye duka naye hakukosea sana. Alimpa vitu vilivyoandikwa viungo. Vile vitofali vidogo vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa, na ule unga wa mchuzi wa pakiti wenye picha ya kuku aliyekaangwa na majani ya giligilani pembeni. Maharage yakarudi uhai siku ile ile, na zaidi ya ule wa zamani. Wateja wakarudi. Mama akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlangoni: HAPA HATUTII CHUMVI.

Aliiandika kwa nia njema, na ilimletea mteja mmoja wa kudumu. Dereva wa makamo, anayepeleka mizigo Kongo na kurudi na shaba kwenda bandarini Dar es Salaam. Alikuwa na presha ya miaka, na vidonge alivimeza siku anazokumbuka. Alivipita vibanda vingine vyote kwa sababu ya ubao ule. Alikuwa akimwambia, "Mama, wewe ndiye daktari wangu." Anakula sahani mbili za maharage, anafuta mchuzi kwa tonge la mwisho, anatoka ameridhika kwamba leo amejitunza.

Asubuhi moja foleni ikasogea na lori lake halikusogea. Utingo alidhani amesinzia. Akamkuta mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Walimkimbiza hospitali. Kiharusi.

Sisemi maharage yale ndiyo yaliyomwangusha. Kiharusi hakiji kwa sahani moja, na mtu anayeruka vidonge, anayekaa kwenye usukani saa kumi na mbili, anayepunguza usingizi kwa sigara, ana milango mingi iliyo wazi. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja alidhani ameufunga, na funguo alikuwa amemwachia mama.

Nesi alipopata habari alifika kibandani mwenyewe, baada ya kazi, akiwa bado amevaa sare. Akasalimia, "Shikamoo mama," akaomba kuona jikoni. Mama akamwonyesha kwa fahari, kwani alikuwa hajaelewa bado. Nesi akachukua pakiti ya unga wa mchuzi, akaigeuza mgongo.

Hapa ndipo kila mpishi anapaswa kusimama kidogo. Mbele ya pakiti ni biashara, nyuma ni ushahidi. Orodha ya vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafunga mkia. Giligilani iliyopamba picha ilikuwa karibu na mwisho. Cha kwanza, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kilikuwa chumvi. Nesi akachukua kile kitofali chenye karatasi inayong'aa. Huko nako chumvi imeshika namba moja, na chini yake kuna kikoleza ladha ambacho nacho kimebeba sodiamu. Chumvi ilikuwa imetoka kwa mlango wa mbele, ikajifunga kitenge, ikarudi kwa mlango wa uani.

"Na hii?" nesi akauliza, akionyesha kifuko juu ya gunia la maharage.

"Hiyo si chumvi, nesi. Hiyo magadi tu."

Magadi yanalainisha maharage haraka, na anayejua bei ya gunia la mkaa hawezi kumlaumu anayeyatumia. Hata kisamvu na mlenda huku kwetu huwekewa. Lakini kinachopandisha presha katika chumvi ni sodiamu, na magadi ni sodiamu kwa jina lingine. Sodiamu ikizidi mwilini, mwili unashika maji ili kuizimua, maji yanaongeza ujazo wa damu, na damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu ambayo mishipa haikuumbiwa. Mwili hauulizi kama sodiamu imetoka kwenye kopo, kwenye pakiti, kwenye magadi, au kwenye ng'onda aliyekaushwa kwa chumvi.

Mama alikaa chini. Kwa hesabu ya haraka, maharage yake ya "bila chumvi" yalikuwa na sodiamu kwa njia nne, kwani dagaa aliowatupia kuyakoleza nao walikuwa wa chumvi.

Madereva si watu wa pekee katika hili. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa Neil Poulter na wenzake, waliowafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya muda mfupi tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Damu ni ile ile na ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha, pamoja na jiko. Kwetu nako watafiti walihesabu viharusi vipya kwa miaka mitatu, wakatangaza matokeo mwaka 2010: wilayani Hai, mashambani, baada ya kusawazisha umri, vilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka; Dar es Salaam vilikuwa kama 316. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, siibebeshi chumvi peke yake. Ila dereva ni mtu anayehamia mjini kila siku. Analala Makambako, anakula Tunduma, anaamka Nakonde, na hakuna hata siku moja anayokula chakula ambacho chumvi yake ameitia mwenyewe.

Mama alimuuliza nesi swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ile ya kwanza zahanati: hivyo viungo vyenyewe ni vipi? Nesi akacheka kidogo kwa aibu, akasema anayejua zaidi yao wote wawili yuko Ivuna.

Yuko kweli. Mama yake mzazi, bibi wa bondeni, hakuwahi kununua pakiti. Binti akapanda gari akashuka Momba, akakaa jikoni kwa mama yake siku nne kama mwali.

Aliyoyaona huko alikuwa ameyaona utotoni akayadharau. Maharage yanalowekwa tangu jioni, na asubuhi maji yale yanamwagwa. Yanaiva mapema bila magadi. Kitunguu maji hakitupwi kwenye maji yanayochemka. Kinakaangwa taratibu mpaka kiwe rangi ya asali, kwa sababu utamu wa kitunguu umo katika subira. Kisha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, vinaingia kwenye mafuta yenye moto, si kwenye maji, maana harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta na ndiyo yanayoisambaza sufuria nzima. Nyanya zinapikwa mpaka zife kabisa, zishikane na mafuta. Watu wengi huharibu hapo: wanatia maji nyanya zikiwa bado mbichi, mchuzi unapooza, halafu wanaisingizia chumvi kwamba haijatosha.

Mwishoni, karanga. Bibi anazikaanga kavu, anazitwanga mpaka zianze kutoa mafuta, anazikoroga kwenye mboga ya maboga au kunde. Ng'ambo ya mpaka Wazambia nao wanapika hivyo hivyo, mpaka ni wa forodha, sufuria haiujui. Mboga ya karanga ikiwa na pilipili mbuzi moja nzima inayoelea bila kupasuka, halafu ikakamuliwa ndimu baada ya kuepuliwa, inahitaji chumvi kidogo mno hata mla chumvi mzoefu hashtuki. Uchachu una hila yake: unauamsha ulimi hata chumvi kidogo ionekane nyingi. Mahali pa ndimu ukwaju unafanya kazi, na limau, hata embe bichi lililokunwa msimu wake.

Vingine alivinunua sokoni Tunduma aliporudi, vikiwa vizima, visivyosagwa: bizari ya pilau, pilipili manga, mdalasini, iliki, mbegu za giligilani. Alivikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka jirani akauliza leo kuna harusi ya nani, akavitwanga, akaviweka kwenye chupa yenye mfuniko. Kiungo kizima kina faida moja kubwa kuliko ladha: hakuna mtu anayeweza kuficha chumvi ndani ya punje ya pilipili manga. Pakiti za masala zilizochanganywa tayari, zipo zilizo safi na zipo zenye chumvi, na dawa yake ni kuzigeuza mgongo.

Kwa gharama, tusidanganyane. Iliki ni ghali. Lakini kibanda hakiendeshwi kwa iliki. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu vinapatikana sokoni kwa bei ya kawaida, na karanga hulimwa hapa hapa mkoani. Mkaa anaoupunguza kwa kuloweka maharage unafidia sehemu ya tangawizi.

Kosa la pili la mama, ambalo ni dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo, lilikuwa kuitupa chumvi yote siku moja. Ulimi una mazoea. Ukiunyima ghafla unagoma, na mgomo wake ndio uliomsukuma dukani. Ukiupunguzia kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa unajirekebisha, na chakula cha zamani ukikirudia unakiona cha chumvi kali. Safari hii alipunguza kwa kijiko. Pakiti ya siku mbili ikaenda siku tatu, wiki chache baadaye siku tano, kisha siku saba. Hakuna utingo aliyesukuma sahani. Chumvi yenyewe akaanza kuitia mwishoni, sufuria ikiwa chini, kwa kuwa chumvi ya juu ulimi unaipata upesi kuliko ile iliyozama ndani ya punje. Nyumbani akajiwekea kipimo rahisi: watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20, na hapo hujahesabu mkate wala dagaa.

Na chumvi aliyoibakiza ni ya dukani, yenye madini joto, si ile ya kienyeji ya kwao, ingawa bibi alinuna. Nyanda za juu kusini zina kumbukumbu mbaya ya rovu; mvua za milimani zimeuosha udongo madini joto, na waliokulia Ileje au Mbozi zamani wanawakumbuka akina bibi wenye shingo zilizovimba. Uwekaji wa madini joto kwenye chumvi, uliosimamiwa kisheria tangu miaka ya 1990, ndio uliolipunguza tatizo hilo. Kwa hiyo anayekwambia chumvi ni sumu tupu, naye anatia chumvi.

Makopo ya mezani hayakurudi. Kila sahani sasa inatoka na kipande cha ndimu pembeni na pilipili ya kutwanga kwenye kibakuli. Anayetaka chumvi anaomba, na wanaoomba ni wachache. Kumbe wengi walikuwa wakitikisa kopo kwa sababu lilikuwepo. Ubao wa mlangoni aliufuta. Watoto wake walimshauri aandike kitu kingine, akasema ataandika siku atakapokuwa na hakika.

Vidonge anavimeza bado. Nesi alimwonya asije akaona tangawizi imekuwa daktari, na tarehe za zahanati hazikosi. Presha yake ya mwisho ilikuwa 138 kwa 86.

Mwezi wa nane yule dereva alipita. Safari hii alikuwa abiria, anakwenda Nakonde kuzungumza na tajiri mmoja juu ya kazi ya stoo, kwa kuwa usukani umekwisha. Aliingia kibandani kwa fimbo, akaketi kwenye benchi lake la zamani. Mama alimwekea ugali na maharage, akasimama mbele yake na maneno aliyoyaandaa kwa miezi yakamkataa. Mwanaume akaonja. Akatafuna polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha, baba."

Akatikisa kichwa, akachukua kile kipande cha ndimu kwa mkono wa kulia, akakiangalia, akaangalia mkono wa kushoto uliolala mapajani. Kikamponyoka mezani. Mama akakiokota, akakikamua juu ya maharage yake mpaka tone la mwisho, akabaki amelishika ganda.

"Kula," akamwambia, "kabla hayajapoa."